Maji ya mtaro na bustani ya mboga: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mvua za Machi hadi Mei zikishakatika Kampala na jua kurudi kuwaka, si ajabu kumkuta mtu kando ya mtaro akichota maji kwa jerikeni lililokatwa mdomo, kisha akayamwaga juu ya tuta la mchicha, ambao hapa wengi huuita dodo. Ukimuuliza kama hana wasiwasi, atakujibu kwamba maji ya mvua ni maji ya mvua.

Hilo ndilo kosa linalozaa mengine. Mvua yenyewe hushuka ikiwa na uchafu mdogo. Uchafu mwingi huuokota njiani, na kwa hiyo swali la kuuliza ni maji yamepita wapi. Yaliyoteremka kwenye paa la mabati na kuingia pipani yamekutana na vumbi, kinyesi cha ndege na zinki kidogo. Yaliyopita barabarani na kwenye gereji yamebeba oili, chembe za matairi na vumbi la breki lenye madini. Yaliyopita katika mabonde kama Bwaise, ambako ukichimba kidogo tu unakutana na maji na vyoo vya shimo hufurika, yamebeba kinyesi cha binadamu. Tena wapo wanaofungulia vyoo vyao mvua inapokolea, ili mafuriko yafanye kazi ambayo gari la kunyonya lingelipisha. Mtaro wa Nakivubo, unaopokea maji ya katikati ya jiji na ya eneo la viwanda na kuyapeleka kwenye kinamasi na hatimaye Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria, ni wa maji ya mvua kwa jina tu.

Wengine husema kwamba yakitulia na kuwa maangavu, yamekuwa salama. Kutulia kunasaidia kweli, kwa kuwa mayai ya minyoo huzama pamoja na matope, na anayechota taratibu kutoka juu bila kuyatibua hupunguza hatari. Bakteria na virusi, hata hivyo, hawaonekani kwa macho na wengi hubaki majini. Kuhusu dhana iliyo kinyume, kwamba maji meusi ni mbolea, ina ukweli nusu: nitrojeni na fosforasi zimo na mboga hunawiri, lakini unawiri wa jani hauelezi kilichoshikamana nalo.

"Tutapika, moto utaua kila kitu." Kwa vijidudu, jibu ni karibu ndiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 kuhusu matumizi ya maji machafu katika kilimo unakadiria kwamba kuosha mboga kwa maji safi hupunguza vimelea takriban mara 10, ilhali kupika huwapunguza mara milioni moja au zaidi. Lakini madini yenye sumu kama risasi na kadimiamu hayaungui. Kadimiamu hufyonzwa na mizizi na kupanda hadi majani. Risasi kwa kawaida hukaa zaidi kwenye vumbi na udongo ulioganda juu ya jani, na ndiyo sababu kuosha vizuri kunasaidia kwa risasi kuliko kwa kadimiamu. Udongo nao, ambao wengi huutegemea kama chujio, huyashika madini haya na kuyalimbikiza mwaka hadi mwaka.

Anayesahaulika katika mjadala huu ni mkulima mwenyewe, aliyesimama peku topeni. Mabuu ya minyoo ya safura hupenya ngozi ya mguu, na hakuna upishi unaomkinga na hilo. Gamboti na kunawa mikono kwa sabuni ndizo kinga zake.

Haifuati kwamba maji yote ya mvua mjini ni sumu, kama wasemavyo waliokata tamaa. Ya paa yanafaa bustani, mradi yale ya kwanza baada ya kiangazi, yanayosafisha paa, yaachwe yaende zake. Asiye na budi kutumia maji ya mtaro asichote upande wa chini wa gereji au kiwanda, maji yanakoelekea, amwagilie shinani badala ya majanini, aache kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna ili jua lipunguze vijidudu, na apande mboga za kupikwa kama dodo, nakati na sukuma wiki. Nyanya na vitunguu vya kachumbari avipatie maji ya pipa.