Saa ya Mtoto Kurudi Nyumbani: Nani Awajibishwe Mtaani Usiku

Kila linapotokea jambo baya usiku, iwe ni mwanafunzi aliyepewa mimba, watu walioporwa vichochoroni, au vijana wenye mapanga walioingia nyumba kwa nyumba kama ilivyoshuhudiwa Dar es Salaam katika matukio yaliyopewa jina la Panya Road, mikutano ya mitaa na vijiji hupokea pendekezo lile lile. Wananchi hutaka watoto wapigwe marufuku kuonekana nje baada ya saa fulani ya usiku, na atakayekutwa akamatwe na mgambo, kisha mzazi wake aitwe kulipa faini. Sisi tunaofanya kazi ya ustawi wa jamii hatulipuuzi pendekezo hilo, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na moja anayezurura saa tano usiku kwa kweli yuko hatarini, na aliyeliona hilo na kulisemea ana uchungu na watoto wa mtaa wake. Lakini marufuku inayomlenga mtoto peke yake huwaacha nje ya macho ya sheria watu wazima waliomfikisha barabarani usiku huo, nao ndio wenye uwezo wa kumrudisha.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, inayomtambua kila mwenye umri wa chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inasema mengi kuhusu usiku kuliko wengi wanavyodhani. Inamtaka mzazi amlinde mtoto dhidi ya kutelekezwa, ukatili na mazingira yanayohatarisha mwili na maadili yake, na inamtaka pia, pale anapolazimika kutokuwepo kwa muda, ahakikishe mtoto amebaki katika mikono ya mtu anayeweza kumtunza. Mzazi anayekiuka wajibu huo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Sheria hiyo inakataza mwenye baa, disko au klabu ya usiku kumruhusu mtoto kuingia, na inakataza mtu yeyote kumuuzia mtoto sigara au pombe. Aidha, inakataza mtoto kufanyishwa kazi usiku, na usiku wenyewe imeutaja kwa saa: kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Katika karibu kila stendi ya mabasi utamkuta mtoto mwenye ndoo ya mayai ya kuchemsha, kachumbari kwenye kikopo na pilipili pembeni, akikimbilia madirisha ya mabasi yaliyochelewa. Ni saa tatu usiku na kesho ana shule. Chini ya marufuku ya aina inayopendekezwa mikutanoni, mtoto huyu atakamatwa, mayai yatamwagika, na aliyempa ndoo hiyo kwa makubaliano ya kurudishiwa hesabu kamili atatafuta mtoto mwingine kesho yake. Chini ya Sheria ya Mtoto kama ilivyo leo, mwenye kosa ni aliyempa ndoo. Ni vigumu kwetu kueleza kwa nini watu wengi wazima hupita mbele ya mtoto huyo, hununua yai, kisha husimama mkutanoni kudai watoto wakamatwe.

Hali ni hiyo hiyo kwa vibanda umiza vinavyoonyesha filamu na mpira hadi usiku wa manane huku watoto wakiwa wamejazana kwenye mabenchi ya mbele, na kwa vigodoro, zile ngoma za kukesha za shughuli za harusi na unyago. Huko Kilifi, nchini Kenya, viongozi wa utawala wamepambana kwa miaka mingi na disko matanga, muziki unaopigwa usiku kucha kwenye msiba, kwa sababu wasichana wadogo wamekuwa wakidhulumiwa humo gizani. Kila mojawapo ya mikusanyiko hiyo ina mtu mzima aliyekodi spika, aliyeomba au kuacha kuomba kibali, na anayekusanya kiingilio. Huyo anafahamika kwa jina na kwa nyumba, na kumfikia ni rahisi kuliko kuwakimbiza watoto 60 vichochoroni.

Ni vyema pia ifahamike kwamba tamko la mwenyekiti wa mtaa, hata likipigiwa makofi na mkutano mzima, halijawa sheria. Kijijini, halmashauri ya kijiji huandaa sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji huijadili, na halmashauri ya wilaya huiidhinisha. Mijini mamlaka hayo yako kwa halmashauri ya mji, manispaa au jiji, na sheria ndogo zake hupata nguvu baada ya idhini ya waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Hatua hizo huchosha, lakini zina faida yake, kwa kuwa Katiba, katika ibara ya 17, inalinda uhuru wa mtu kwenda atakako, na kizuizi chochote cha uhuru huo kinapaswa kuwa na sheria inayokibeba. Mgambo anayemchapa mtoto bakora barabarani kwa sababu imefika saa mbili na nusu hana sheria yoyote nyuma yake.

Nchi zilizotutangulia katika jambo hili zina mafunzo. Nchini Marekani, mji wa Omaha uliweka marufuku ya aina hii mwaka 1880, na miji mingi sana ikafuata. Dallas ilipitisha yake mwaka 1991 kwa wenye umri wa chini ya miaka 17, kuanzia saa tano usiku siku za kawaida na saa sita usiku mwishoni mwa wiki, hadi saa kumi na mbili asubuhi, na ilimgusa mtoto, mzazi aliyemruhusu kwa kujua na mwenye biashara aliyemwacha abaki dukani kwake. Mahakama ya rufaa iliiacha isimame mwaka 1993 kwa kuwa ilikuwa na misamaha mingi: aliye na mzazi, aliyetumwa, anayetoka kazini, anayekwenda kwenye ibada. Ile ya San Diego, iliyokuwa na misamaha michache mno, ilibatilishwa mwaka 1997, na mahakama ikaona kwamba ilikuwa ikiingilia hata haki ya wazazi ya kulea.

Hata hivyo, kusimama mahakamani hakukuwa na maana ya kuzaa matunda. Mapitio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2016, yaliyokusanya tafiti 12, hayakukuta ushahidi kwamba marufuku hizo hupunguza uhalifu wa vijana au idadi ya vijana wanaodhurika. Mwaka 2023 jimbo la Texas, ambamo Dallas imo, lilizizuia serikali zake za mitaa kuendelea na marufuku hizo. Sababu si ngumu kuiona. Barabara ikiondolewa watoto wenye nia njema, anayebaki ni yule asiyejali marufuku, na macho ya mashahidi yamepungua. Askari aliyepaswa kumfuatilia mporaji anatumia usiku wake kuandika majina ya watoto waliotumwa vocha.

Iceland ilikwenda njia nyingine. Sheria yake ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2002 inataka watoto wa miaka 12 na chini ya hapo wasiwe nje peke yao baada ya saa mbili usiku, na wa miaka 13 hadi 16 baada ya saa nne. Majira ya kiangazi, ambapo jua huko karibu halizami, kila kundi huongezewa saa 2. Wa kundi la pili anayerudi kutoka michezoni, shuleni au kwenye shughuli za vijana hahesabiwi kuwa amekosa. Tofauti kubwa iko kwa msimamizi. Wazazi wa shule moja hukubaliana kuishika saa hiyo wote kwa pamoja, kiasi kwamba hakuna mtoto wa kudai kuwa ni yeye peke yake anayefungiwa, na hupeana zamu za kutembea mitaani mwisho wa wiki, si kukamata, bali kuonekana na kuwasindikiza watoto nyumbani. Serikali za mitaa nazo ziligharamia michezo na muziki ili mtoto awe na pa kwenda jioni. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 nchini humo walisema wamelewa katika mwezi uliotangulia; mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Saa ya kurudi nyumbani ilikuwa sehemu tu ya kazi hiyo, nasi hatuwezi kuipa sifa yote.

Kwa halmashauri inayotaka kuandika sheria ndogo, tunashauri ianze na wenye vibanda, baa, spika na biashara za usiku, kisha wazazi, na mtoto asiwekewe adhabu yoyote. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika Maoni yake ya Jumla Na. 24 ya mwaka 2019, ilizitaka nchi ziache kuyafanya kuwa makosa yale ambayo mtu mzima akiyafanya hayahesabiwi kuwa kosa. Misamaha iandikwe kwa kuangalia maisha yetu: mtoto anayetoka sala ya Isha au tarawehe, anayetoka mkesha wa Krismasi na wazazi wake, anayetoka tuisheni, aliyetumwa dukani au kumwita mkunga.

Kuhusu faini kwa mzazi, tunaomba uangalifu mkubwa. Mama anayekaanga chipsi hadi saa sita usiku ili watoto wale hawezi kuwa nyumbani saa mbili, na faini ya shilingi elfu 50 inamwondolea mtaji bila kumpa mlinzi wa wanawe. Mzazi wa namna hii anahitaji kusaidiwa kupata jirani au ndugu anayeaminika wa kukaa na watoto, na hilo ni jambo ambalo kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa inaweza kulipanga kwa kikao kimoja. Faini ibaki kwa mzazi aliyeonywa, akasaidiwa, na bado anamtuma mtoto stendi.

Mtoto anapokutwa nje usiku, asipelekwe mahabusu. Aulizwe kwa upole anatoka wapi na kwa nini harudi, na aulizwe mbali na kundi. Wengi watasindikizwa hadi mlangoni na mambo yataishia hapo. Lakini wapo wanaokaa barazani kwa watu hadi usiku mkubwa kwa sababu wanangoja baba wa kambo alale, na kumrudisha mtoto huyo kwa nguvu ni kumkabidhi kwa anayemdhuru. Akionyesha hofu ya kwenda kwao, au akiwa na majeraha, apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi usiku huo huo. Kwa ushauri, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo, na Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii anayeona haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wake.