Tetemeko, mafuriko na nyumba ya kupangisha: wenye nyumba tunajidanganya wapi

“Matetemeko ni mambo ya Japani.”

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, Bukoba, mkoani Kagera, ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9. Watu wasiopungua 16 walikufa, mamia wakajeruhiwa, nyumba kwa maelfu zikaanguka au kupasuka, na majengo ya sekondari za Ihungo na Nyakato yakaharibika vibaya. Kagera ipo jirani na mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ule unaopita Ziwa Tanganyika na Rukwa. Huko Rukwa, mwaka 1910, lilipiga la 7 na ushei, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa Afrika. Mkono wa mashariki nao haujalala: Subukia, Kenya, ilipata la 6.9 mwaka 1928. Kwa hiyo anayejenga vyumba vya kupangisha Mbeya, Kigoma, Bukavu au Nakuru amejenga jirani na Bonde la Ufa, ajue asijue.

“Namba ikiwa kubwa, hasara ni kubwa.”

Usiku wa Agosti 12, 2020, Dar es Salaam ilitikiswa na tetemeko la takriban 6.0. Watu walishuka ghorofani mbio, wengine na taulo kiunoni, na asubuhi wakaenda kazini kama kawaida. Bukoba, kwa namba hiyo hiyo karibu, walizika. Kitovu cha Dar kilikuwa mbali baharini. Cha Kagera kilikuwa nchi kavu, chini ya makazi ya watu. Jambo la pili ni kuta. Nyingi zilizoanguka Kagera zilikuwa za matofali yaliyoshikwa kwa udongo, hazina lenta, ule mkanda unaofunga kuta.

Hapo kwenye lenta ndipo mwenye nyumba anapopaswa kusimama na fundi wake. Lenta ya zege na nondo ikizunguka nyumba nzima bila kukatika, kuta zote hufungwa zikatikisika pamoja. Wengi tunabana pesa, tunamwambia fundi aweke vipande juu ya milango na madirisha tu. Vipande hivyo hubeba tofali za juu yake, basi. Pembe za nyumba zinabaki hazijashikana, na ni pembe hizo zinazoachana kwanza.

Nyumba ya kupangisha ina udhaifu wake wa ziada. Vyumba kumi, kila kimoja na mlango wake na dirisha lake, ukuta wa mbele unabaki matundu matupu. Ghorofa ndio zaidi: chini panaachwa wazi kwa ajili ya fremu za maduka, nguzo zinasimama zenyewe, juu vyumba vimejaa kuta nzito. Likija tetemeko, sehemu ya chini ndiyo inayolegea. Na fremu ndizo zinazolipa vizuri, kwa hiyo hakuna anayetaka kusikia habari hii.

“Ufa wa ukutani ni lipu tu.”

Ufa mwembamba kama unywele, unaokwenda huku na huku juu ya lipu, mara nyingi ni lipu kweli. Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha, au unaoonekana ndani na nje, ni habari nyingine kabisa. Kuuziba na kupaka rangi kabla mpangaji mpya hajaja kuangalia chumba ni kumficha hatari anayoilipia kodi ya miezi sita. Tena baada ya tetemeko mitetemo midogo hufuata kwa siku na wiki, ikikuta ukuta ambao tayari umechoka.

“Jengo lisipotikisika, liko salama.”

Jengo la ghorofa 16 la mtaa wa Indira Gandhi, Dar, liliporomoka Machi 29, 2013 likiwa bado linajengwa, likaua watu 36. La Kariakoo, Novemba 16, 2024, liliua zaidi ya 20. Hakukuwa na tetemeko lolote.

Halafu kuna maji. Kiwanja cha kando ya mto Msimbazi, Dar, kina bei ya kuvutia kwa sababu wauzaji wanakumbuka Desemba 2011, mafuriko yalipoua zaidi ya watu 40 na baadhi ya waliobaki wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Desemba 2015 tingatinga zilipita Mkwajuni, bondeni mwa Msimbazi, na nyumba zenye alama ya X nyekundu zikaondoka na wapangaji wake. Beba futi kamba siku ya kuangalia kiwanja, dalali hatakuletea.

“Nina bima ya moto, inatosha.”

Mara nyingi tetemeko na mafuriko huongezwa kwa makubaliano na malipo ya ziada. Fungua mkataba utafute maneno hayo mawili. Tafuta pia upotevu wa kodi, kwa sababu bima ya jengo hulipa ukuta. Ile miezi ambayo vyumba vinakaa vitupu vikisubiri mafundi huwa inakatiwa kipengele chake.