Intaneti ya simu Mwanza haishuki kutoka angani

Wengi hapa Mwanza huamini kuwa intaneti ya simu hutoka kwenye setilaiti. Imani hiyo ina mzizi: kabla ya mwaka 2009, mawasiliano mengi ya Tanzania na nje yalipita huko kweli. Mwaka huo mkongo wa baharini, yaani kebo ya nyuzi za kioo iliyolazwa chini ya bahari, ukafika Dar es Salaam. Leo picha unayoifungua pale mwaloni Kirumba hupita hewani hadi mnarani, kisha, kwa sehemu kubwa ya safari, ndani ya nyuzi za kioo zilizofukiwa ardhini hadi pwani.

Pima mwenyewe. Setilaiti za zamani ziko kilomita 36,000 juu, hivyo ombi na jibu hutumia karibu nusu sekunde, yaani milisekunde 500. Programu ya kupima kasi ikionyesha muda huo (ping) kuwa milisekunde 40, hukupitia huko. Setilaiti mpya za chini hujibu haraka zaidi, lakini kwa kawaida hutaka dishi lake.