Iten hadi Kabarnet kwa baiskeli: watu wanasema nini, na ukweli ni upi

Hii barabara ya Iten, Tambach, Cheploch mpaka Kabarnet mi naiona ndio tamu kuliko zote za baiskeli hapa Kenya. Lami, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili Bonde la Kerio lote liko wazi chini yako. Lakini kuna watu wanaiogopa bure na kuna wengine wanaidharau, na ukiwauliza utakuta wote wanaenda na vitu walisikia tu, pengine kwa mtu aliyepita hapo ndani ya matatu akiwa amelala.

"Ni kilomita chache tu, ukiwa na mguu hiyo ni asubuhi moja."

Kwa hii njia kilomita hazikuambii kitu. Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, daraja la Cheploch pale Kerio inapita iko kwa 1,100 na kitu, alafu Kabarnet inarudi juu mpaka karibu 2,000. Yaani unashuka kama mita 1,200, unapanda zaidi ya 800, na kama unarudi hiyo siku ujue kuna zingine 1,200 za kupanda zinakungoja na jua limeshakuchosha. Kwa kulinganisha tu, Alpe d'Huez, ule mlima wa Ufaransa wa kona 21 ambao kila mtu wa baiskeli anaujua kupitia Tour de France, kule juu inapoishia ni mita 1,850 hivi, kumaanisha pale Iten unapokunywa chai kabla ya kutoka tayari uko juu kuliko wao wakimaliza. Kwa hivyo ukipanga safari hesabu kwanza mita za kupanda, kilomita utahesabu baadaye.

"Kushuka ni kupumzika."

Hii ndio inaumiza watu na naomba uisome polepole. Tuseme wewe na baiskeli mko kilo 85, ile nguvu yote ya kushuka mita elfu moja na zaidi lazima iende mahali, upepo unachukua sehemu, na hiyo ingine yote unayoizuia na breki inageuka joto. Ukishika breki kidogo kidogo bila kuachilia kutoka juu mpaka Tambach, rimu inapata moto wa kuchoma kidole, upepo ndani ya tairi unapanuka na tyubu inaweza kupasuka ukiwa kwa kona, na wale wenye rimu za kaboni za breki za raba, hiyo kaboni yenyewe inaweza kuachana. Na usijidanganye ati we una breki za diski uko salama kabisa, diski pia inachemka na breki zinaanza kulegea. Kitu ya kufanya ni kufunga breki kwa nguvu ukiwa bado umenyooka kabla ya kona, ukishapunguza mwendo unaachilia, unaingia kona ukiwa huru, upepo unapoza rimu mpaka kona ingine. Ukihisi mkono umechoka au unasikia harufu, simama, hakuna mtu anakukimbiza.

Hapo hapo kuna ile ingine ya "usiguse breki ya mbele, itakurusha." Breki ya mbele ndio inasimamisha baiskeli kwa sehemu kubwa, kwa sababu ukipunguza mwendo uzito mwingi unakuja mbele, na kwa mteremko ndio zaidi. Ukitumia ya nyuma peke yake tairi inateleza kwa urahisi na utasimama mbali sana. Rudisha makalio nyuma kidogo ya kiti, vuta ya mbele polepole ukiongeza, usiikamate ghafla. Kwa changarawe au lami iliyolowa punguza nguvu ya mbele, lakini usiiache.

Alafu baridi. Iten asubuhi ni baridi ya kweli, na ukishuka kwa kasi bila kupiga pedali mwili unatoa joto kidogo tu, vidole vinakufa ganzi na hivyo vidole ndivyo vinashika breki. Gazeti ndani ya jezi, kifuani, ni ujanja wa zamani sana wa wapanda baiskeli na bado unafanya kazi, ukifika chini unalitoa unakunja.

"Nguvu ya miguu ndio inapanda mlima." Na ndugu yake, "bila baiskeli ya kaboni hufiki." Wacha tuanze na kaboni. Ukipunguza kilo moja kwa hizo 85 umepunguza asilimia moja na kidogo, kwa hivyo kwa mlima wa saa nzima utaokoa chini ya dakika moja. Dakika moja! Kwa mtu anashindana sawa, lakini kwa mimi na wewe hizo pesa afadhali uende kwa fundi akubadilishie gia za nyuma. Baiskeli nyingi za mitumba za resi zinakuja na meno 39 mbele na 23 nyuma, maanake kila mzunguko wa pedali unakusukuma kama mita tatu na nusu, na kwa mwendo wa kilomita 9 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mtu wa kawaida hapo kwa mlima, unapiga pedali kama mara 42 kwa dakika, kila moja ni ya kusimama na kukamua magoti. Weka 34 mbele na 32 nyuma, mwendo ni ule ule, mlima ni ule ule, lakini sasa unazungusha mara 67 hivi ukiwa umekaa. Nimeona watu wakishuka kusukuma baiskeli na wanasema hawana nguvu, na nguvu wanayo, ni gia hawana.

"Ukikaa Iten siku mbili tatu utakuwa na mapafu ya wakimbiaji." Hapana. Presha ya hewa pale ni kama robo tatu ya ile ya pwani, kwa hivyo mtu ametoka Mombasa siku za kwanza ndio atakuwa dhaifu zaidi, atahema kwa ngazi tu, na damu kuongeza seli nyekundu ni mambo ya wiki kadhaa. Panda polepole kuliko unavyojisikia na unywe maji. Kuhusu maji pia kuna wanaosema usinywe ukipanda utaharibu pumzi, na hiyo haina msingi, kunywa kidogo kidogo mara nyingi, na chini bondeni kwenye joto ongeza chumvi kwa chupa, jasho linatoka na chumvi na maji matupu kwa masaa mengi hayairudishi.

"Njia ya kufuata mto ni tambarare." Hii ni ya wale wanataka kuacha njia ya Kabarnet wafuate bonde kwenda kaskazini. Ukiangalia ramani unaona Kerio inaelekea kaskazini mpaka Ziwa Turkana, barabara iko kando ya bonde, unasema hapo ni kuteleza tu. Lakini barabara haikimbii na mto wenyewe, inakata vijito vyote vinavyoshuka kutoka ukuta wa Elgeyo, ule wa upande wa Iten, na kila kijito ni kushuka na kupanda. Mvua ikinyesha huko juu hivyo vijito vinajaa hata kama kwako ni jua kali, na ule ukuta huporomoka, pale Chesegon, kaskazini kwa hilo bonde, mwaka 2020 mwezi wa nne watu walikufa kwa mafuriko na maporomoko. Na huko mbali kaskazini kuna wakati wizi wa mifugo unachafua usalama. Uliza wenyeji hiyo wiki, sio mwaka jana kulikuwaje.

Kuna wanaosema milima yetu si ya baiskeli, ni ya kukimbia. Mashindano ya dunia ya baiskeli ya 2025 yalikuwa Kigali, mara ya kwanza Afrika, wanaume walipewa kilomita 267.5 na mita 5,475 za kupanda, Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda na waliomaliza walikuwa 30 tu. Hiyo inatosha.

Ya mwisho, "mlima lazima upandwe asubuhi." Kwa Kerio inategemea ni upande upi. Ukuta wa Elgeyo, huo wa Iten, uko magharibi mwa bonde na unaangalia mashariki, kwa hivyo asubuhi jua linaupiga moja kwa moja, na jioni ndio barabara inaingia kivulini kwa sababu jua liko nyuma ya ukuta. Upande wa Kabarnet ni kinyume, kivuli ni asubuhi na kuungua ni mchana. Kwa hivyo toka Iten saa kumi na mbili, shuka pole, angalia mbuzi wanaolala kwa lami kule chini, vuka Cheploch mapema na upande Kabarnet kabla jua halijakaa sawa. Kula vizuri, shuka saa saba, pale Cheploch tafuta kivuli, tazama vijana wakiruka kutoka kwa mwamba kuingia mtoni, na saa tisa ndio uanze kupanda Tambach. Ukienda kwa mwendo ule wa kilomita 9, ni masaa mawili na kitu, uko Iten kabla ya giza. Beba taa hata hivyo, na kama mawingu yamekuwa meusi huko juu lala Kabarnet urudi kesho yake.