Boda: mpaka, chombo au mtu?

"Niko boda, natafuta boda, boda wangu hapokei simu."

Ukisimama Busia upande wa Uganda, maneno ya namna hii utayasikia kwa wauza nyanya na kwa wabadilisha fedha, na hakuna atakayeuliza msemaji anakusudia nini. Boda ya kwanza ni mpaka. Ya pili ni pikipiki ya abiria. Wa tatu ni mtu, yule kijana anayeiendesha.

Neno hili ni kifupi cha bodaboda, na bodaboda lilizaliwa hukuhuku mpakani, Busia na Malaba, katika miaka ya 1960. Wakati huo chombo chenyewe kilikuwa baiskeli. Busia ni mji uliokatwa na mpaka: kuna Busia ya Uganda na Busia ya Kenya. Gari likikushusha upande mmoja, kulikuwa na kipande cha kwenda kwa miguu hadi ofisi za upande wa pili, na mwenye gunia la mahindi au mtoto mgongoni hakukipenda kipande hicho. Vijana wakafunga mto nyuma ya baiskeli, wakasimama njiani wakiita wateja: "Boda! Boda!" Miaka ya 1970, sukari na sabuni zilipoadimika Uganda na magendo yakashamiri, baiskeli hizo zilikuwa na kazi nyingi zaidi ya kubeba watu.

Boda ni "border" ya Kiingereza iliyozoea midomo yetu. Wengi hueleza kwamba bodaboda ni "kutoka boda hadi boda". Mimi naelemea zaidi kwenye ule wito. Mpiga debe yeyote hutaja aendako mara mbili: "Mbale, Mbale! Tororo, Tororo!" Na Kiswahili hakioni shida kurudia neno, tuna pikipiki, tuna polepole. Kwa nini hawakuita "mpaka, mpaka"? Jaribu kulitamka barabarani: mpaka pia ni hadi, na msikilizaji angebaki anangoja, mpaka wapi? Boda lilikuwa fupi, lilikuwa tayari mdomoni mwa askari na makarani wa forodha, na Msamia, Mteso na Mjaluo, watu wa makabila ya hapo mpakani, wote walilielewa.

Jambo ninalolipenda zaidi ni lililotokea neno lilipofupishwa. Pikipiki zilianza kuchukua nafasi ya baiskeli Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi ikaenea, na watu wa mjini hawana muda wa kusema bodaboda mara hamsini kwa siku. Wakalikata nusu. Likirudi Busia, lile neno lililokatwa linakutana na mzazi wake, boda ya mpaka, na yanafanana herufi kwa herufi.

Kinachotuzuia tusichanganyikiwe ni upatanisho wa sarufi. Sikiliza kinachofuata neno, usilisikilize neno peke yake. "Boda yangu imeharibika" ni pikipiki. "Boda wangu amelazwa" ni mtu, tena mtu wa kuonewa huruma. "Boda zimejaa barabarani" ni vyombo. "Boda wamegoma" ni madereva. Mpaka nao huenda na "ya" kama pikipiki, na hapo maneno mengine ya sentensi ndiyo huonyesha tofauti: boda ya Busia, boda ya Malaba, boda imefungwa. Anayesema Kiswahili chetu kinasemwa ovyo Uganda akae steji, kituo cha bodaboda, nusu saa, asikie vijana wanavyotenganisha "imefika" na "amefika" bila kufikiri.

Kuna na boda ambayo ni nauli. Mtu akikuandikia "nitumie ya boda", hahitaji pikipiki, anahitaji pesa kwenye simu. Kwa Kiganda dereva huwa "owa boda", yaani wa boda, na hapo chombo na mtu vimetengwa waziwazi.

Neno limesafiri hadi Tanzania na hadi Juba. Kenya wanalo pia, ingawa Nairobi utasikia nduthi. Ukiingia Rwanda, utapanda "moto", yaani pikipiki hiyohiyo. Na pale tunapoita steji, Mtanzania ataita kijiwe.

Kile kipande cha kutembea nacho kimebadilika. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe rasmi mwaka 2018, msafiri humaliza taratibu za nchi zote mbili upande anaoingia. Vijana wengi wanaoendesha Kampala hawajawahi kufika huko. Siku moja nilimwambia kijana aliyenibeba kwamba jina la kazi yake lina maana ya mpaka. Akasogea kando ya barabara, akazima injini ili anisikie vizuri, akauliza, "Mpaka gani, mzee?"

Nikamwambia, wa Busia.