Elfu kumi na mbili kila mwezi, nalipia nini?

Swali hilo niliulizwa juzi na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinane hapa Amu, mjini Lamu. Alinitilia mkononi mkataba wa kuhudumia kompyuta wa kampuni moja ya Mombasa, karatasi nne, akasema, "Hebu nisomee, mwanangu, hii ndiyo kazi yako. Kila mwezi natuma elfu kumi na mbili, na tangu Ijumaa printa haitoi risiti. Nikipiga simu naambiwa nizime niwashe."

Nikasoma. Bei yenyewe sikuiona mbaya, na mimi ni fundi, sina haja ya kumharibia mwenzangu soko. Ila mkataba ule uliandikiwa mtu wa Nyali, palepale Mombasa, ambaye fundi anamfikia kwa bodaboda kabla chai haijapoa. Karatasi ya tatu, kwa herufi ndogo: msaada wa simu na wa mtandaoni hauna kikomo, safari za nje ya Mombasa hulipiwa kando. Basi la Mombasa linakomea Mokowe, upande wa bara. Kutoka hapo ni boti, halafu miguu na mkoba wa vifaa begani, na hapana fundi atakayekuja na kurudi siku moja. Nauli, chakula, malazi na siku mbili za kazi, vyote vinamwangukia mama.

Halafu ile elfu kumi na mbili aliyoitaja ni bei ya kwenye mkataba tu, bila kodi. Kampuni imesajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwa hiyo ongeza asilimia 16: shilingi 13,920 kwa mwezi, 167,040 kwa mwaka. Hoteli kubwa hiyo kodi inaikata kwenye VAT yake yenyewe. Mama mauzo yake hayajafika milioni 5 kwa mwaka, hajajisajili, kwa hiyo inatoka mfukoni mwake.

Msaada wa mbali una kazi yake, sikatai. Baruapepe ikigoma, eTIMS, ule mfumo wa risiti wa mamlaka ya kodi, KRA, ikikataa kuingia, programu ya kuhifadhi vyumba ikileta vituko, mtu aliyeko Mombasa ataingia kwenye mashine yako na kuitengeneza wewe ukiwa umekaa. Lakini mimi kompyuta nyingi ninazofungua hapa mjini zina ugonjwa wa chumvi ya upepo wa bahari, na chumvi haitoki kwa simu.

Ile ya mapokezi niliifungua palepale. Unga wa chokaa ya ukutani umetanda kila mahali. Nyuma ya feni, mayai mawili ya mjusi kafiri. Nikachomoa kadi ya ram, ile ya kumbukumbu ya kompyuta, meno yake ya dhahabu yameota ukijani. Dawa yake ni kifutio cha penseli, kile cha watoto wa shule: unasugua taratibu upande mmoja, unageuza, unapuliza, unarudisha mpaka uisikie imekaa. Waya wa printa nao kichwa chake kilikuwa kimeliwa na kutu vilevile. Nikaweka mwingine, risiti ikatoka. Dakika arobaini, na nyingi zilienda kwenye mayai, maana mjukuu wake alikataa tuyatupe.

Sasa hesabu. Tuseme fundi wa hapa anatoza 3,000 kwa kila anapoitwa, na unamwita mara moja kwa mwezi, na mara mbili zaidi msimu ukichachamaa. Hiyo ni 42,000 kwa mwaka. Mwenye mashine moja au mbili namwambia waziwazi asiweke mkataba wa kila mwezi na mtu yeyote, hata mimi. Anunue UPS nzuri, lile boksi la betri linalokinga mashine, kwa sababu stima ikikatika haidhuru sana kama inavyodhuru ikirudi kwa kishindo, na aite mtu kila miezi mitatu kusafisha.

Mkataba unaanza kuleta maana pale ambapo saa za kusimama zina bei. Vyumba vinane kwa 6,000 ni 48,000 kwa usiku mmoja. Intaneti ikilala siku mbili mwezi wa Desemba, maombi ya wageni yanakuja huku huyaoni, na yule mgeni hasubiri, anakwenda Shela, kijiji jirani. Kwa hiyo kwenye mkataba usitafute bei kwanza. Tafuta fundi amejifunga kufika mlangoni kwako baada ya saa ngapi. Ule wa mama ulisema "kujibu ndani ya saa nne". Kujibu, si kufika. Kupokea simu nako ni kujibu.

Kwenye bakapu, yaani nakala za akiba, sina haki ya kumcheka mtu. Miaka yangu ya mwanzo nilichukua duka la dawa kwa ada ndogo mno, nikaweka nakala zijifanye kila usiku kwenye flashi. Hadi diski ilipokufa, tukaifungua flashi: ilijaa miezi mingi nyuma, hakuna kilichoingia tangu hapo. Ada ile haikunipa muda wa kwenda kuangalia, nami sikwenda. Siku hizi kila mwezi narudisha faili moja mbele ya mwenye duka, alione kwa macho yake.

Na fundi wa bei ya chee asiyetoa risiti ya eTIMS, mpigie hesabu vizuri. Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na risiti hiyo KRA kwa kawaida haiikubali unapokokotoa kodi ya mapato, kwa hiyo unafuu aliokupa huenda ukaurudisha mwisho wa mwaka.

Mama aliusitisha mkataba. Tukakubaliana nimhudumie Julai na Agosti, kisha Desemba hadi Machi, miezi mingine aniite akinihitaji. Kompyuta yake moja bado ina Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025. Hiyo ni gharama ya peke yake, na ataifikiria.

Kabla sijaondoka alitoa daftari la kodi za vyumba, tukaandika nywila zote ukurasa wa mwisho: rauta, eTIMS, kamera, programu ya vyumba. Ya jina la tovuti na baruapepe hanayo. Kampuni ilisajili jina lile kwa akaunti yake yenyewe, na kila tukipiga tunaambiwa mhusika ametoka kidogo.