Siku ya Jamii za Wenyeji: kwa nini inagombea Jumatatu moja na Columbus

Wazee wetu wengi waliwajua wenyeji wa Marekani kwa jina la Wahindi Wekundu. Jina hilo ni kosa la baharia mmoja lililosafiri mpaka likaingia kwenye Kiswahili. Tarehe 12 Oktoba 1492 Christopher Columbus alitia nanga kwenye kisiwa cha Bahamas ambacho wenyewe walikiita Guanahaní. Akadhani amefika pande za Bara Hindi, na aliowakuta akawaita Wahindi. Waingereza wakasema "Red Indians", nasi tuliokuwa tukifanya biashara na Wahindi wenyewe kwa karne nyingi tukalipokea jina pamoja na "wekundu" wake.

Siku ya Jamii za Wenyeji ni siku ya kuwaenzi watu hao na vizazi vyao. Marekani huiadhimisha Jumatatu ya pili ya Oktoba, ambayo katika sheria ya taifa bado ni Siku ya Columbus. Neno "jamii" limewekwa kwa makusudi. Wanavajo, Walakota na Wacherokee si kabila moja lenye majina matatu. Serikali ya Marekani inatambua zaidi ya makabila 570, na kila moja lina uongozi wake.

Ugomvi wenyewe umekalia kitenzi kimoja, kile kinachotumika kusema Columbus "aligundua" Amerika: kugundua. Nchi yenye watu, mashamba na majina haigunduliwi, inafikiwa. Waliopita shule zetu wanalielewa hili vizuri. Wengi tulikaririshwa kwamba Johannes Rebmann, mmisionari wa Kijerumani, alikuwa mtu wa kwanza kuuona Mlima Kilimanjaro, mwaka 1848, kana kwamba Wachaga walikuwa wakipalilia migomba yao huku wamefumba macho.

Kwa Columbus kuna zaidi ya neno. Siku ileile ya kwanza aliandika katika shajara yake kwamba watu wale wangefaa kuwa watumishi. Mwaka 1495 alipakia Wataino, yaani wenyeji wa visiwa alivyovifikia, wapatao 500 kwenye meli kwenda kuuzwa Hispania, na karibu 200 kati yao walikufa baharini. Ajabu nyingine ni kwamba katika safari zake zote nne hakukanyaga hata jimbo moja kati ya majimbo 50 ya Marekani ya leo.

Basi kwa nini alipewa sikukuu huko? Hapa ndipo jambo linapokuwa gumu, maana sikukuu hiyo nayo ina machozi yake. Tarehe 14 Machi 1891, mjini New Orleans, kundi la watu lilivamia jela na kuwaua wanaume 11 wa asili ya Kiitalia waliohusishwa na kifo cha mkuu wa polisi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepatikana na hatia ya mauaji hayo. Mwaka uliofuata Rais Benjamin Harrison alitangaza maadhimisho ya miaka 400 ya safari ya Columbus, mzaliwa wa Genoa, Italia. Wahamiaji waliokuwa wakidharauliwa mitaani wakapata mtu wa kwao wa kumwonyesha Mmarekani: huyu hapa, tulitangulia kufika. Colorado iliifanya sikukuu ya jimbo mwaka 1907, na sheria ya mwaka 1968 ikaiweka Jumatatu kuanzia 1971.

Ndiyo maana wapo Wamarekani wa asili ya Kiitalia wanaoona kufutwa kwa jina hilo ni kama kuchaniwa hati ya babu zao. Siwabezi. Ila naona Waitalia wana watu wengi wa kujivunia, na mchuuzi wa watumwa si lazima awemo.

Wazo la kuigeuza tarehe hiyo lilitolewa Geneva mwaka 1977, kwenye mkutano uliojadili ubaguzi dhidi ya wenyeji wa Amerika. Jimbo la South Dakota lilibadili jina mwaka 1990. Jiji la Berkeley likafuata mwaka 1992, kisha Seattle na Minneapolis mwaka 2014, na baadaye majimbo kadhaa. Mwaka 2021 Joe Biden akawa rais wa kwanza kutoa tangazo rasmi la siku hii. Lakini tangazo la rais si sheria. Kubadili jina la sikukuu ya taifa ni kazi ya Bunge, nalo halijafanya hivyo, kwa hiyo rais ajaye anaweza kunyamaza tu na jambo likaishia hapo. Donald Trump mwaka 2025 alimtangaza Columbus peke yake. Kenya ilipita njia fupi zaidi: Katiba ya 2010 iliigeuza Siku ya Kenyatta kuwa Siku ya Mashujaa, na mzee akabaki ndani, akiwa mmoja kati ya wengi.

Huko Marekani, jibu la swali kwamba siku hiyo ni ya nani hutegemea uko mji gani. New York wana gwaride la Columbus kwenye barabara ya Fifth Avenue, huku kalenda ya shule za jiji hilohilo ikiiandika siku hiyo kuwa ya urithi wa Kiitalia na ya jamii za wenyeji, kwa pamoja.

Usiichanganye na tarehe 9 Agosti, siku ya Umoja wa Mataifa ya jamii za asili duniani kote. Hiyo inatuhusu na sisi: mwaka 2017 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliwatambua Waogiek wa Msitu wa Mau, Kenya, kuwa jamii ya asili yenye haki na ardhi ya mababu zao.